Ngumi Ndani ya Kopo

Mama Bendeji hakuwa mtu wa kunywa chai iliyoandaliwa na mwingine mpaka aliyeiandaa anywe kwanza. Si kwamba aliwahi kutiliwa sumu. Hakuwahi. Lakini alisema waliotiliwa hawarudi kusimulia, sasa ushahidi mwingine unautaka wa nini?

Mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli kulikuwa na uzi uliofungwa fundo analolijua yeye peke yake, apate kujua kama kuna mkono uliopita. Sanduku la bati chini ya kitanda lilikuwa na fundo lake. Ndani ya sanduku kulikuwa na kopo la zamani la maziwa ya unga, na kopo nalo lilikuwa na fundo lake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akimwambia bintiye kila asubuhi. Bintiye, mwanamke mtu mzima mwenye kazi yake posta, alishazoea. "Basi mama zivue hizo nguo, leo nafua," humjibu, akaenda zake kazini.

Jina la Bendeji alilipata kwenye ukumbi wa ngumi. Miaka ishirini na miwili alifunga mikono ya mabondia, na wala si kazi ya mchezo kama mnavyodhani nyie mnaotazama ngumi kwenye televisheni. Zamani hizo bendeji hazikuuzwa dukani. Alichukua mashuka makuukuu, akayachana vipande vya upana wa vidole vinne na urefu wa pima mbili, akavichemsha, akavianika, akavikunja kama mkeka. Kila bondia na jozi zake. Kusoma alisoma kidogo sana, namba na jina lake basi, kwa hiyo kila bendeji aliitia uzi wa rangi pembeni. Nyekundu ya huyu, kijani ya yule, njano ya yule mwingine. Ila bendeji mpya za siku ya pambano hakuzitia uzi. Uzi mpya ukiwa ndani ya glavu unakwaruza ngozi. Hizo alizitia baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomponza.

Njano ilikuwa ya mumewe. Walimwita Siafu, uzito wa inzi, kilo hamsini na moja akiwa ameshiba. Mchana alikuwa mpakizi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na akibeba mfuko wa saruji ungedhani mfuko unatembea wenyewe. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwa nje, kiliangukiwa na kasha la misumari, na Mama Bendeji alikuwa na namna yake ya kukizungushia bendeji mara mbili ili kisiume. Hakuna mwingine aliyeijua namna hiyo. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa mikono ile, kocha wala nani.

Sasa, siku hiyo mlango ukabishwa.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Mimi Karani, wa ukumbini."

"Karani wa nini, unataka nini, na nani kakuelekeza?"

"Mama, si unanijua tangu nina miaka kumi na tisa?"

"Ndiyo maana nauliza."

Karani akaingia, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alikuwa na daftari, na sikioni amechomeka kalamu ya risasi. Mama Bendeji akaitazama kalamu ile. Mtu mwenye nia njema huandika kwa wino. Kalamu ya risasi ni ya mtu anayekusudia kufuta.

Karani akaeleza. Ukumbi unapakwa rangi upya. Kamati imekubali kwamba kwenye ukuta wa mbele yaandikwe majina ya mabondia kumi bora wa zama zile, uzito wote kwenye orodha moja, kuanzia wa kwanza mpaka wa kumi. Mchoraji anaanza Jumamosi. Tatizo kamati haielewani. Kila mmoja anavutia uzito wake.

"Utampangaje mtu wa kilo hamsini na mtu wa kilo tisini kwenye mstari mmoja, mama? Hawakukutana, na wangekutana yangekuwa mauaji. Tukasema, aliyeishika mikono yao wote ni mmoja tu."

"Mmekumbuka leo."

"Tumekumbuka leo, mama. Tusamehe."

"Nisomee."

Akasoma. Wa kwanza Tingatinga, uzito wa juu. Wa pili Mwashi, uzito mwepesi. Wa tatu Sindano, uzito wa unyoya. Wa nne Siafu. Hakufika wa tano.

"Rudia huyo wa pili."

"Mwashi."

"Na huyo Tingatinga wa kwanza, yumo kwenye kamati?"

"Yumo."

"Amejipanga mwenyewe?"

"Hapana mama, yeye hakupiga kura."

"Hakupiga. Alikaa tu mlangoni mpaka mlipomaliza."

Karani akacheka, halafu akaona anacheka peke yake, akainamia daftari. Mama Bendeji akamwambia jambo ambalo wanakamati watano walikuwa wamelitafuta mwezi mzima. Bondia mzito anapiga kwa mwili, na hiyo si sifa, hata ng'ombe akikuangukia utalala. Bondia hasa anapiga kwa vifundo viwili vya ngumi, hiki na hiki, akamgusa Karani mkononi kwa ukucha. Bendeji yake inachakaa hapo tu, matundu mawili kama macho, kwingine kote nzima. Bondia mbovu bendeji yake inachakaa kila mahali kama godoro la mlevi. Kilo hazihusiki. Mtu akitaka kupanga nani ni nani, asihesabu waliolala chini, atazame matundu. "Mimi ndiye niliyeyatia viraka. Bendeji haina rafiki."

Karani alikuwa anaandika mbio mbio.

"Basi mama, kwa viraka vyako, wa kwanza nani?"

"Siafu."

Alilitamka haraka mno. Yeye mwenyewe alijua kuna bendeji zenye uzi wa kijani mle sandukuni, matundu yake mawili safi, mviringo kama yamekatwa kwa kifuniko cha chupa, hayajahama hata unene wa kucha kwa miaka minane. Za Siafu zilikuwa nzuri, lakini kulikuwa na tundu la tatu lililoanza. Za kijani ni za Mwashi. Miaka yote alijiambia kwamba usafi ule umezidi. Kitu kikizidi usafi kuna mtu amekipitia.

"Na huyo Mwashi mfute. Asiwe wa pili wala wa kumi. Ninao ushahidi. Ijumaa mchana mwite ukumbini, na huyo Tingatinga wenu awepo. Nitakuja nao."

"Ushahidi wa nini, mama?"

"Ukija utaona."

Alipoondoka, Mama Bendeji akakagua kiti alichokalia.

*

Ushahidi ulikuwa ndani ya kopo, na ulikuwemo kwa miaka thelathini na mitatu.

Siku ile mpinzani wa Siafu aliugua, akashindwa kuja, na wa Mwashi naye hakutokea. Ukumbi umejaa, watu wameanza kupiga mabenchi kwa miguu. Kocha akasema hawa wawili wacheze wenyewe kwa wenyewe. Mama Bendeji akakataa. Kilo tisa ni kilo tisa, na Mwashi alikuwa fundi wa kupaka kuta na dari, viganja kama sahani. Siafu akamshika bega mkewe, akasema, "Nifunge tu, mama watoto." Akamfunga. Akamfunga na Mwashi pia, maana kazi ni kazi. Siafu akatoka uani kidogo, kujisaidia alisema, akakawia, akarudi glavu ameshavaa. "Leo nimejivalisha mwenyewe," akasema, na mkewe akafurahi kupunguziwa kazi.

Raundi ya pili Siafu alimpiga Mwashi ngumi ya kulia kwenye taya, na watu wa nyuma wakaisikia. Taya la Mwashi likabaki wazi kama droo iliyotoka kwenye reli. Lakini hakuanguka. Akaendelea mpaka mwisho, damu inamtiririka shingoni, na kuanzia raundi ya nne Siafu akawa anapigana kwa mkono mmoja tu, wa kulia umekufa ganzi. Waamuzi wakampa Mwashi.

Kesho yake asubuhi Mama Bendeji alikwenda kufagia chumba cha kubadilishia nguo. Ufagio ukagonga kitu chini ya benchi. Akakivuta. Ilikuwa bendeji, haina uzi, imekatwa kwa mkasi upande wa kiganja, lakini haikulala kama kitambaa. Ilisimama. Imeganda nyeupe, umbo la ngumi, ngumi isiyo na mtu ndani. Akakwaruza kwa ukucha, ikatoka poda. Ilikuwa jasi, ule unga mweupe wa dari. Ukiloweshwa unageuka jiwe kabla hujamaliza kupiga mluzi.

Nani anafanya kazi ya jasi? Mwashi. Nani alishinda? Mwashi. Shahidi wa tatu hakumhitaji.

Akaishika kwa kitambaa, kama unavyoshika panya aliyekufa, akaitia kwenye kopo. Tangu siku ile hakuigusa kwa mkono mtupu. Mchana alimweleza mumewe, aliyekuwa amelala kitandani mkono umevimba kama mkate. "Alikupiga kwa jasi! Twende kwa kocha, twende popote." Siafu akageukia ukutani. Kisha akasema, "Achana nayo, mama watoto. Yameshapita."

Mwanamke akatoka nje akalia kwa kuwa na mume muungwana namna ile.

Mkono wa Siafu haukupona sawasawa, na hakurudi tena ulingoni. Alipakia mizigo mpaka nguvu zilipokwisha, na sasa ana miaka tisa kaburini. Mwashi yeye aliendelea kupigana, na popote alipokutana na mke wa Siafu, sokoni, hospitalini, mazikoni, alimsalimu. "Shemeji, hujambo." Na popote aliposalimu, Mama Bendeji alitazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Mbona anasalimu sana? Mtu asiye na deni la moyoni hang'ang'anii salamu miaka thelathini na mitatu. Ndivyo alivyoamini, na huwezi kumwondolea mtu imani aliyoifungia fundo.

*

Ijumaa alivaa gauni lake la heshima. Bintiye aliomba ruhusa kazini kumsindikiza, akabeba begi lenye kopo na bendeji kuukuu. Njiani mama mtu aligeuka mara nne kuhakikisha begi lipo.

"Mama, na kama siyo?"

"Kama siyo nini?"

"Kama hakufanya hivyo unavyosema. Mtu mzima yule. Ana wajukuu."

"Na jasi ilitoka wapi, ilinyesha?"

Bintiye akaliweka begi vizuri begani.

Ukumbini kulinuka chokaa mbichi. Ulingo umefunikwa turubai. Karani ameweka meza katikati na viti vitano, na Tingatinga tayari amekaa, yaani kiti kilikuwa kinavumilia. Sasa ni mzee wa mkongojo, lakini bado akipumua unasikia.

"Mama Bendeji! Mikono yangu imekukumbuka."

"Mikono yako ilikuwa inakula shuka zima. Kaa hapo nikuone. Usiende mlangoni."

Mwashi akaja wa mwisho, viatu vyeupe kwa vumbi la kazi, maana bado alikuwa anapaka dari za watu na uzee wote ule. Taya lake lilikuwa limeungana upande, na maneno yake yalitokea kwenye pembe ya mdomo.

"Shemeji, hujambo."

Mama Bendeji akakagua dari.

"Haya," akasema, bila kumtazama, "wote mpo. Karani, andika. Huyu bwana mnataka kumwandika wa pili ukutani, watoto wasome. Mimi nasema alimpiga mume wangu kwa mkono wa jiwe. Miaka thelathini na mitatu nimenyamaza kwa sababu marehemu aliniomba. Sasa marehemu hayupo, na sitakaa nitazame jina la mwizi juu ya jina lake."

Tingatinga akaacha kupumua. Mwashi akashusha macho kwenye viatu vyake, na Mama Bendeji akaona, akasema moyoni, tazama, huyo, ameanguka mwenyewe.

Akafungua fundo la kopo. Vidole vilikawia, fundo lilikuwa la miaka thelathini na mitatu. Akaitoa ile bendeji kwa kitambaa, akaiweka mezani. Ngumi nyeupe, imekaa yenyewe, imewaelekea.

"Vaa," akamwambia Mwashi.

"Shemeji, tuache."

"Kumbe unaogopa. Vaa!"

"Siogopi. Nakuomba tu tuache. Mniandike wa pili, mniandike wa mia, mimi sina neno. Nirudishieni huyu mama nyumbani kwake."

"Mnamsikia? Mnasikia anavyokimbia?"

Karani akakohoa, akasema pengine ni vizuri ajaribu tu, jambo liishe. Mwashi akaunyoosha mkono wake wa kulia. Akapanua ule mpasuko wa mkasi taratibu, asiivunje, akaingiza vidole. Vidole vikaingia nusu. Vikakwama. Akasukuma kidogo, jasi ikadondosha poda mezani. Ukubwa wa mkono wake na ukubwa wa ile ngumi, ni kama kumvisha mtu mzima kiatu cha mtoto wa shule.

"Mikono inavimba mtu akizeeka," akasema Karani haraka.

"Mifupa haivimbi," akasema Tingatinga.

Mama Bendeji akanyanyuka. Akaona mchezo. Huyu amekunja vidole makusudi, wanajuana hawa, wote mabondia hawa. Akamnyang'anya, na kwa hasira akasahau kitambaa. Akatia mkono wake mwenyewe ndani, awaonyeshe jinsi ya kuvaa.

Ukaingia wote. Ukajaa vizuri.

Akatembeza vidole mle ndani, gizani, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba anachokijua. Hapa kifundo cha kwanza. Hapa cha pili. Na huku pembeni kidole kidogo, kimepinda kwa nje, na kitambaa kimezungushwa mara mbili.

Bintiye alikuwa akimtazama mama yake usoni, na sijui alisoma nini huko, maana alimsogelea akamshika kiwiko. "Mama, twende nyumbani."

"Kaa chini."

Mifuko ya saruji, alikuwa anawaza. Chokaa. Rangi. Na mifuko ya jasi je? Kila siku ya Mungu ilipita mgongoni mwake, na mimi nikazikung'uta shati zake mwenyewe uani, poda nyeupe ikanipaa puani. Alitoka kujisaidia. Akarudi glavu ameshavaa. Achana nayo, mama watoto. Kumbe alipogeukia ukutani hakuwa anaficha maumivu.

Akautoa mkono. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akamgeukia Mwashi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama usoni, lile taya na yote.

"Ulijua?"

"Tangu raundi ya pili. Ngumi ya nyama inauma, shemeji. Ile ilikuwa inavunja."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeshinda. Mshindi analia nini?"

"Usinitanie. Ukanyamaza kwa nini?"

Mwashi akajifuta vumbi kwenye suruali. "Nani alifunga mikono siku ile? Wewe. Uliwaambia watu wote kwamba mikono ya Siafu haiguswi na mwingine. Ningesema, wasingemkamata yeye kwanza, wangekukamata wewe. Na nani angekuamini kwamba hukujua?"

"Hakuna," akasema Mama Bendeji. Kwa sababu yeye mwenyewe asingeamini.

Akakaa. Kisha akasema, "Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu."

"Basi nataka siku moja unijibu salamu. Nimechoka kukuona unatazama mawingu, hata ndani ya nyumba."

Tingatinga akatoa kicheko kidogo, akakimeza. Hakuna aliyemfuata. Karani alikuwa amelifunga daftari, mikono juu yake kama anazuia upepo.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "sisi tuliomo humu ni watano. Mlango umefungwa. Si lazima hili litoke. Siafu anabaki wa nne, kama tulivyoandika, na kile kitu tunakivunja hapa hapa. Mtu hayupo tena."

"Kweli kabisa," akasema Tingatinga. "Siku moja tu, katika mapambano yote yale. Nani hana siku moja?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mngedhani ni pale kwenye kidole, lakini kidole kilimjia tu, hakuulizwa. Hapa anaulizwa. Watu wanne wanangoja aseme ndiyo, na ile ndiyo ni rahisi, na jina la mumewe litakaa ukutani juu ya majina ya wengine sita, na bintiye atapita hapo akienda posta. Akamtazama bintiye. Bintiye alikuwa anatazama poda iliyomwagika mezani.

"Karani. Kalamu ya wino unayo?"

"Ipo mfukoni."

"Itoe. Hiyo ya risasi mpe Tingatinga achokolee meno."

Akafungua begi, akatoa bendeji kuukuu, akazitandaza mezani karibu na dirisha penye mwanga. Kwanza zile za uzi wa kijani. Akaziinua, jua likapita kwenye matundu mawili ya mwisho, yasiyotiwa kiraka, likaanguka mezani madoa mawili ya duara.

"Wa kwanza Mwashi. Andika. Nilijua miaka yote. Huyu alipigwa na jiwe akashinda, na hata bila hilo, tazama matundu. Wa pili Sindano, alikuwa na mkono msafi ila alipenda kujionyesha. Tingatinga wa tatu."

"Wa tatu!"

"Shukuru. Bendeji yako imechakaa mpaka kwenye kiganja. Ulikuwa unapiga watu makofi."

Aliendelea hivyo mpaka wa tisa, kila mmoja na neno lake, na Karani anaandika kwa wino, na hakuna aliyebisha tena. Zilibaki zile za uzi wa njano. Hakuziinua haraka. Alizishika kwenye mapaja, akapitisha kidole gumba juu ya viraka vyake mwenyewe.

"Siafu alipanda ulingoni mara arobaini na moja," akasema. "Mara arobaini bendeji zake nilizifua mimi, na maji yalitoka mekundu, yakatoka meusi kwa jasho, hayajatoka meupe hata siku moja. Kwa hizo arobaini awemo. Na kwa ile moja awe wa kumi. Chini kabisa."

"Mama, waliokuwa chini yake wote wamempita," akasema Karani.

"Basi wamempita, na yeyote akija kulalamika mleteni kwangu na bendeji zake. Na mtu akiniuliza kwa nini mume wangu yuko chini, nitamweleza. Sitaki kusikia mtu mwingine anamweleza kabla yangu."

Akairudisha ngumi ndani ya kopo, kopo ndani ya begi. Njiani kurudi hakugeuka hata mara moja kulitazama begi. Bintiye ndiye aliyelikumbatia.

"Ungeweza kunyamaza, mama," akasema walipofika mlangoni.

"Ningeweza. Halafu usiku ningekuwa nafungia nani mlango?"

*

Jumamosi asubuhi mchoraji alipofika na ngazi yake alikuta kuna bibi amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, mbele ya ukuta. Karani alikuwa amemwandikia majina yote kumi kwenye karatasi, na yeye akayahesabu herufi kwa kucha, jina kwa jina, kwa sababu mchoraji ni mchoraji, humjui ametumwa na nani.

"Rangi hiyo umeitia maji," akamwambia.

"Sijaitia, bibi."

"Chovya kijiti nione."

Akachovya. Akaona. Akamwachia aendelee, lakini kigoda hakukiondoa.

Mchana Mwashi akapita akitoka kazini, chupa ya chai mkononi. Juu ukutani jina lake lilikuwa limekauka tayari, na mchoraji alikuwa ameshafika chini, ameinama, anamalizia la kumi. Mwashi hakutazama juu. Alisimama kando ya kigoda.

"Shemeji, hujambo."

Mama Bendeji alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka taya, akitafuta kilichofichwa nyuma ya salamu ile. Alitafuta kwa uaminifu. Hakukiona, na hilo lilimsumbua zaidi.

"Sijambo," akasema. "Hiyo chupa ina nini?"

"Chai. Nikumiminie?"

"Kunywa wewe kwanza."

Mwashi akamimina kwenye kifuniko, akanywa. Kidogo kilimwagika pembeni, pale taya lilipopinda, kikamtiririka mpaka kwenye kola. Mama Bendeji alitazama ule mchirizi mpaka ukaisha. Kisha akanyoosha mkono apokee kifuniko.